Maji ya Beseni la Bluu

Mtu anaweza kukiogopa kitu, na kitu hichohicho kikamlisha. Wapo mafundi umeme wanaojificha uvunguni radi ikipiga, na alikuwapo mchimba makaburi ambaye hakuingia nyumba yenye maiti mpaka ashikwe mkono. Mama huyu aliogopa maji. Si ya kunywa wala ya kupikia, la. Aliogopa maji yaliyosimama, ya mfereji na ya dimbwi, yale yenye majani pembeni na konokono wadogo waliong'ang'ania vijiti. Na kazi yake, iliyomlelea mwana na kumwezekea nyumba, ilikuwa kufuga konokono haohao ndani ya maji hayohayo.

Pale kazini walimwita Mama Konokono. Mwanzoni alinuna, baadaye akazoea, mwishowe akawa akiitwa jina lake haitiki.

Hofu hiyo ilianzia utotoni. Kaka yake alikuwa bingwa wa kuogelea kwenye mfereji wa mashamba, mtoto wa kupiga mbizi huku na kuibukia kule akicheka. Miaka ikapita, tumbo la kaka likaanza kujaa, mikono na miguu ikakonda kama vijiti vya mwavuli. Wengine walisema karogwa, wengine wakasema ni ulafi. Asubuhi moja alitapika damu kwenye beseni la kunawia, na jua halijafika utosini, kaka hayupo. Baadaye sana ndipo mama huyu alipoambiwa kwamba ule ulikuwa kichocho cha tumbo, kinachomwingia mtu kutoka kwenye maji yenye konokono, ugonjwa wa watu wasiokuwa na wa kuwasemea.

Ndiyo maana alipokuta tangazo langoni mwa maabara, kwamba anatafutwa mtu wa kulisha konokono kwa ajili ya kutafuta chanjo ya kichocho, aliomba kazi.

"Unajua kusoma?" aliulizwa.

"Kiasi cha kusoma kibao cha hatari."

"Basi kinatosha," akasema daktari, na akachukuliwa.

Chumba cha konokono kilikuwa cha joto, chenye harufu ya tope na majani yaliyolowa. Mabeseni meupe yalipangwa kwenye rafu, kila moja na mrija wake mwembamba wa kupuliza hewa, chumba kizima kikitokota kama sufuria za maharage. Asubuhi alivaa buti, aproni ya mpira na glavu za kufika kiwikoni. Aliwapa majani ya saladi yaliyochemshwa kidogo na kuwanyunyizia chokaa ili magamba yao yawe imara. Wazima walikaa chumba cha mbele. Walioambukizwa walikaa chumba cha nyuma, nyuma ya milango miwili, na humo ndimo hofu ilimoishi. Kwa miaka yote ya kazi hiyo hakuwahi kuingia chumba cha nyuma bila kujaza glavu maji ya bomba kwanza, azikamue, aone kama zinavuja.

Daktari mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, ndiye aliyemweleza kazi ilivyo.

"Mama, minyoo yenyewe haimtesi sana mtu. Kinachomtesa ni mayai. Dume na jike wakikutana kwenye mishipa ya damu hawaachani tena. Jike anataga mchana na usiku, mayai yanakwama kwenye ini. Sasa sisi tunamwambukiza konokono mmoja kwa kijidudu kimoja tu. Akianza kutoa watoto wa kichocho, wote wanakuwa jinsia moja. Ama madume watupu, ama majike watupu. Wanaojitolea kujaribu chanjo tutawawekea madume watupu kwenye ngozi, tuone kama chanjo inawaua."

"Hao madume watakuwa wanafanya nini humo ndani, bila wake?"

"Wanakaa tu."

"Kama makapera kwenye chumba cha kupanga," akadakia Bwana Darubini, fundi wa maabara wa makamo, mtu ambaye jicho lake moja lilikuwa kwenye darubini na ulimi kwenye mambo ya watu. "Hawapiki, hawafagii, wanangoja siku waambiwe wahame."

Mama Konokono akacheka. Lakini usiku ule aliota majike.

Kwenye rafu ya chumba cha nyuma, beseni la madume lilikuwa na kifuniko cha bluu, la majike kifuniko chekundu. Na ilikuwapo sheria moja iliyozidi zote. Konokono hutoroka. Hupanda ukuta wa beseni taratibu, hupenya panapoachwa upenyo wa mrija, na asubuhi unamkuta rafuni akijivuta kwenye ute wake. Konokono wa namna hiyo harudishwi popote. Anatumbukizwa kwenye chupa ya dawa ya kuua wadudu, hata awe mnene na mzima namna gani, kwa sababu hakuna ajuaye ametoka beseni gani. Mtoro hana kwao, ndivyo walivyosema. Watoro wengi Mama Konokono alikuwa amewaua kwa mkono wake, na kila mara alisema, "Nisamehe, ndugu yangu," kwa sauti ya chini, wasimsikie.

Sasa ikaja wiki mbaya. Umeme ulikatika ukarudi, ukakatika tena, kipasha joto kikaungua, na konokono wa beseni la bluu wakaanza kufa. Siku ya wanaojitolea ilikuwa imeshapangwa, watu wameshachanjwa, na maji yalitakiwa yawe yametoka kwa konokono siku hiyohiyo. Daktari alipita akachungulia, akauma mdomo.

"Mama, hawa wachache waliobaki watunze kama macho yako. Wakipungua tena tutaahirisha, na tukiahirisha sijui tutaanzia wapi."

Asubuhi moja kabla ya siku yenyewe, Mama Konokono akafungua mlango wa nyuma, akamkuta mtoro. Alikuwa rafuni, katikati ya beseni la bluu na beseni jekundu, mzima, pembe zimesimama. Ute wake ulianzia upande wa bluu. Au uliishia upande wa bluu. Mama aliinama akautazama mpaka macho yakamtoka machozi. Ute hauna kichwa wala mkia. Akaiangalia chupa ya dawa. Akaliangalia beseni la bluu, na konokono wale wachache waliojikunyata. Moyo ukamwambia, huyu ni wa hapa, si unaona yuko karibu zaidi na hapa? Akamshika kwa koleo ndogo, akafunua kifuniko cha bluu, akamtia.

Maji yakamfunika. Mtoro akachanganyika na wenziwe, na tangu dakika ile hata angetaka kumtoa asingemjua.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama huyu siku nzima alishtushwa hata na mfuniko wa sufuria. Alifika nyumbani akakaa. Mwanawe, fundi cherehani, kijana wa pekee aliyebaki naye baada ya mumewe kufariki, akamuuliza, "Mama, unaumwa?"

"Joto tu."

"Kesho nitaondoka mapema. Nina kazi ya mtu." Alisema hivyo akiangalia pembeni, lakini mama hakuona, kwa kuwa naye alikuwa akiangalia pembeni.

Kulipokucha waliwaweka konokono wa bluu kwenye glasi chini ya taa kali. Kichocho hupenda mwanga. Konokono akiona taa hudhani jua limetoka, akaanza kumwaga vijidudu majini. Ukiyatazama maji kwa jicho unaona safi, ya kumvutia mtu mwenye kiu. Bwana Darubini akachukua tone, akainama.

"Wapo, tena wana afya. Wanacheza mdundiko."

"Madume watupu?" aliuliza Mama Konokono, na sauti yake ikamtoka nyembamba.

"Dada, hapa naona vichwa na mikia. Dume na jike wanafanana wakiwa wadogo hivi, mpaka upeleke kwenye mashine, na mashine jibu lake la kesho. Lakini beseni hili si tulilipima mwezi uliopita? Mbona unauliza kama mkwe?"

Angesema hapo. Neno lilikuja likafika kwenye meno. Akaona Daktari anapita na koti lililopigwa pasi, anatabasamu, jambo ambalo si kawaida yake. Akafikiria kuambiwa afungashe virago. Akafikiria kusemwa langoni: ndiye huyu, aliyeharibu chanjo. Tena labda yule mtoro ni dume. Tena dawa ya kichocho ipo, si kila mtu atapewa mwishoni? Hofu inapotafuta pa kulala haikosi mto. Neno likarudi chini.

Chumba cha kuwawekea watu maji kilikuwa na dirisha la kioo. Yeye kazi yake ilikuwa kupeleka kisanduku cha maji mpaka kwenye kidirisha cha pembeni, kisha kungoja kisanduku kitupu. Wa kwanza kuingia alikuwa fundi mwashi, kijana wa kifua, chokaa bado imeng'ang'ania kucha. Alilaza mkono mezani, wakamwekea pete ya plastiki juu ya ngozi, wakatia maji kidogo ndani ya pete, wakangoja. Mwashi alikuwa akimtania muuguzi kwamba maji haya hayatoshi hata kuchanganyia saruji ya kuzibia tundu la panya. Muuguzi akacheka. Nje ya kioo Mama Konokono alikuwa ameshika ukuta.

Wa pili alikuwa msusi, mwanamke wa sauti kubwa. Alipoona maji alifumba macho, akasema kwa nguvu ili asijisikie anaogopa, "Haya, wekeni! Bibi yangu alikufa na tumbo, mimi sifi nalo!"

Bibi yangu alikufa na tumbo. Mama Konokono alisikia kupitia kioo, akayaona maji yakitiwa kwenye pete juu ya mkono wa yule dada, akafungua kinywa. Akakifumba. Muda ukapita, wakamfuta mkono, wakampeleka chumba cha kupumzika.

Mlango ukafunguliwa mara ya tatu, akaingia mwanawe.

Alikuwa na shati alilojishonea mwenyewe, na futi ya kupimia bado ameisahau shingoni. Alikaa, akakunja mkono wa shati, akaulaza mezani juu ya kitambaa cheupe. Muuguzi akachukua pete.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Konokono hakukumbuka baadaye alipita mlango gani. Walichokumbuka wote ni sauti.

"Msimwekee! Msimwekee! Maji yamechanganyika!"

Pete ikaanguka. Kijana akasimama. "Mama! Mama, unanitia aibu mbele za watu. Nimejiandikisha mwenyewe, mimi ni mtu mzima."

"Ungeniambia!"

"Ungenikataza. Umewafuga hao miaka yote, leo wanatafutwa wa kujitolea nikae pembeni mimi? Nilitaka kukushangaza."

Daktari aliingia, akafunga mlango nyuma yake, hakuinua sauti. "Mama, sema."

Akasema, akimtazama Daktari viatu. Mtoro, rafu, ute, koleo, kifuniko cha bluu.

"Lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana." Daktari akageuka akaangalia mlango wa chumba cha kupumzika. Mle ndani alisikika msusi akimwambia mwashi kwamba nywele zake zinahitaji mkasi, si kofia. "Na hawa wawili walipoingia, ulikuwa wapi?"

"Pale. Kwenye kioo."

Bwana Darubini, mtu wa kuwa na neno siku zote, alisema tu, "Maji yakimwagika, dada," na methali akaiacha hapo.

Jibu la mashine lilitoka kesho yake. Majike walikuwamo. Si wengi, lakini jike mmoja hahitaji wenzake.

Daktari aliwaita wale wawili akawaeleza: kulitokea kosa katika kufuga konokono, maji yalikuwa na dume na jike. Dawa ipo, lakini dawa ile haiwezi minyoo michanga. Inabidi kungoja ikue ndipo imezwe, na kuwahi kabla mayai hayajawa mengi. Mwashi alisema, "Mungu mkubwa," akauliza kama anaweza kurudi kazini, maana zege halimngoji mtu. Msusi alichukua mkoba wake akatoka. Kazi yote ikasimamishwa. Beseni la bluu likamwagiwa dawa, na Mama Konokono akahamishiwa kwenye kuosha chupa.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya. Mwanawe alishona, cherehani ikaenda, ikasimama. Akasema bila kugeuka, "Mama, hivi wale wengine hawana mama?"

Mama akaendelea kupepeta mchele ambao ulikwisha kuwa safi zamani.

Akawa halali. Akifumba macho aliiona minyoo inakua, dume na jike wakitafutana gizani kwenye mwili wa mtu anayesuka nywele za watu bila habari. Alimwona kaka yake. Aliwaza, aende au asiende, na kila alipoamua asiende tumbo lake yeye lilijaa. Jumapili moja akafunga kitambaa kichwani, akaenda.

Kibanda cha msusi kilikuwa kati ya duka la simu na kinyozi. Alimkuta ana mteja, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo, shikamoo. Karibu, lakini foleni ndiyo hiyo unayoiona."

"Sikuja kusuka. Mimi ndiye niliyekuwa nafuga wale konokono."

Vidole vya msusi vikasimama. Kisha vikaendelea, polepole. "Daktari alisema kosa. Kosa ni la binadamu. Kaa, unanitisha ukisimama."

"Sikumaliza. Nilijua tangu siku moja nyuma. Nilikuwa kwenye kioo ulipoingia. Nilikusikia ukimtaja bibi yako."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Na yule wa tatu ulimpigia kelele. Tulizisikia. Mwashi akasema, leo kuna mtu kaumwa na nge." Msusi aliacha nywele kabisa sasa. Mteja akajaribu kugeuka, akarudishwa kichwa chake mbele kwa kidole kimoja. "Kwa nini yule, mimi hapana?"

Mama Konokono alikuwa ameandaa majibu njia nzima. Alikuwa na la umeme kukatika, la kipasha joto, na la kwamba dawa ipo. Akayaacha yote.

"Yule ni mwanangu."

Redio ya kinyozi ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Msusi alichukua uzi, akauvuta ukakatika, akauangalia.

"Basi usiniite mwanangu."

"Sawa."

"Na usiondoke, sijakufukuza. Unajua mimi nalalaje? Nalala nimejishika ini. Nikisikia kitu kinatembea hata kama ni njaa, naamka. Sina wa kumwambia, mume wangu nilimwambia nimekwenda kuchanjwa mafua." Akapumua. "Sikiliza. Kila siku yangu ya kipimo utakuja. Hutanishika mkono, hutaniombea. Utakaa kwenye benchi pembeni yangu, uogope kama mimi. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema mteja, aliyekuwa hajaulizwa.

"Na wewe tulia, nitakusuka upande," akasema msusi.

Akawa anakwenda. Benchi la zahanati lilikuwa la mbao, limeinama katikati, kiasi kwamba watu wawili waliokaa huku na huku hujikuta wamekutana mabega bila kupenda. Mara ya kwanza hawakusemezana. Siku ya kumeza dawa msusi alirudi amekunja uso, vidonge vina uchungu na tumbo linamkata, na Mama Konokono aliyekuwa amekatazwa kumshika mkono alimshikia mkoba tu. Kila mlango ulipofunguliwa wote wawili waliinua vichwa. Walizoea kuogopa pamoja kama watu wanavyozoea kupika pamoja, kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini sasa. Msusi aking'ata kucha, mama anapiga kisigino. Muuguzi akichelewa, wote wanatazama saa ya ukutani iliyosimama.

Kipimo cha mwisho kilipotoka msusi alikaa tena kwenye benchi, karatasi mkononi.

"Hakuna yai," alisema. "Safi. Nilidhani nitaruka."

"Alhamdu..." mama alianza, akajifuta uso kwa upande wa kitenge.

"Usilie bado. Na yule mwashi?"

"Naye alimeza dawa. Nimeuliza kwa muuguzi, naye wamempima hana."

"Sikuuliza minyoo. Umemwambia?"

Mama akakunja pembe ya kitenge, akaikunjua.

"Ulimwambia kama ulivyoniambia mimi?"

"Hakuuliza. Alisema Mungu mkubwa."

"Hakuuliza kwa sababu hajui kuna cha kuuliza! Anadhani alipatwa na bahati mbaya." Msusi alisimama, akachukua mkoba wake mapajani mwa mama. "Mimi nimemaliza na wewe. Anajenga ghorofa nyuma ya stendi. Nenda kabla hawajashuka kula."

Ghorofa lilikuwa bado mifupa, nguzo na nondo, na vumbi la saruji lilimwingia puani. Aliuliza kwa wabeba matofali, wakamnyooshea kidole juu. Mwashi alikuwa kwenye jukwaa la mbao, anapiga lipu, mwiko unakwenda na kurudi kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Mama alisimama chini muda mrefu. Miguu ilitaka kugeuka yenyewe bila kumshauri.

"Fundi!"

Kijana akachungulia, akamtambua, uso wote ukafunguka. "Mama Konokono! Shikamoo! Leo umenifuata mpaka huku angani? Kheri?"

"Marahaba. Kh..." Ulimi ulishazoea kujibu kheri. Akaushika. "Shuka, baba. Ni neno la kuambiwa ukiwa chini."

Tabasamu lilibaki usoni mwa kijana, ila macho yakaacha kucheka. Alichomeka mwiko kwenye ndoo ya saruji, akajifuta mikono kwenye suruali, akageuka na kuanza kushuka ngazi. Mama Konokono alishika mguu wa ngazi ili isiteleze, akatazama buti zake zikija, moja, kisha nyingine.